Rejeta na Upepo Wake

Pikipiki ya kwanza kuundwa kwa ajili ya kuuzwa kwa wingi ilibeba maji yake ndani ya madigadi. Ilitoka München, Ujerumani, mwaka 1894, kazi ya ndugu Heinrich na Wilhelm Hildebrand pamoja na mwenzao Alois Wolfmüller. Ilikuwa na silinda mbili zilizolala, jumla cc 1,489, ujazo unaozidi ule wa magari mengi madogo yanayozunguka mijini leo. Hata hivyo nguvu zake hazikufika farasi watatu. Klachi haikuwapo, gia hazikuwapo. Fito za pistoni zilikwenda moja kwa moja kuzungusha gurudumu la nyuma, kwa mtindo wa garimoshi. Na kwa kuwa injini ya namna hiyo ingejikaanga yenyewe isipopozwa, madigadi ya nyuma ilitengenezwa ikiwa na uvungu ndani, ikajazwa maji, ikaunganishwa na silinda kwa mabomba.

Wazo hilo lilikuwa na werevu wake. Madigadi ni bati pana ambalo lazima liwepo, kwa hiyo kulitwisha kazi ya pili hakukuongeza mzigo mkubwa. Tena lilikaa juu kuliko silinda, na umuhimu wa jambo hilo utaonekana punde. Kasoro ilikuwa mahali. Juu ya gurudumu la nyuma, mgongoni kwa mwendeshaji, hakuna upepo wa maana. Chombo kile kilikuwa pipa zaidi ya kuwa rejeta: kiliakibisha joto, hakikulitoa upesi. Kwa mwendo wa kilomita 45 kwa saa hilo lilitosha. Kampuni yenyewe haikumaliza muongo.

Habari za kupoza pikipiki kwa maji husimuliwa kwa kawaida kama habari za injini: nani alitia maji, mwaka gani, akapata farasi wangapi. Mimi naona zinaeleweka vizuri zaidi ukiifuata rejeta yenyewe na kuuliza kila mara imewekwa wapi, na nani alilazimika kusogea ili kuipisha. Gari lina pua ya kuificha. Pikipiki haina pua. Mbele kuna gurudumu linalogeuka huku na huku, katikati kuna injini, juu kuna tangi, na mwendeshaji amekalia hayo yote huku miguu yake ikikumbatia mahali penye moto zaidi.

Mtu wa kwanza kulijibu swali hilo kikamilifu alikuwa Alfred Angas Scott wa Bradford, kaskazini mwa Uingereza. Scott aliipenda injini ya mapigo mawili wakati wenzake wengi waliidharau. Injini hiyo huwaka kila mzunguko mmoja wa kranki, ilhali ya mapigo manne huwaka kila mizunguko miwili. Joto jipya linaingia kabla la zamani halijapata mlango wa kutokea. Mapezi ya silinda, ambayo pikipiki nyingi zilitegemea, hayakumridhisha. Pikipiki zake za kwanza za kuuzwa, zilizoundwa mwaka 1908 katika karakana ya ndugu Jowett hukohuko Bradford, zilikuwa na maji kwenye silinda hedi tu. Silinda zenyewe ziliendelea kupozwa kwa upepo kwa miaka kadhaa, mpaka nazo zikazungushiwa maji.

Rejeta ya Scott ilisimama nyuma ya gurudumu la mbele, mbele ya injini, chini ya shingo ya usukani. Mtu akiiona leo atadhani iliwekwa pale kufuata upepo. Upepo ulikuwa nusu tu ya sababu. Scott hakutumia pampu. Alitegemea tabia ya maji yenyewe, ambayo yakipata moto hupanda na yakipoa huzama. Lita ya maji yenye nyuzi 90 ni nyepesi kuliko lita yenye nyuzi 20 kwa asilimia 3 hivi, na tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyosukuma mzunguko mzima. Ili usimame imara, kichwa cha rejeta hakina budi kuwa juu ya silinda, njia ya maji iwe fupi na pana, na mpira unaoyapandisha usiwe na kona ambamo hewa inaweza kujificha. Ukiishusha rejeta kupita kiasi, maji yanalala na injini inachemsha. Kwa hiyo swali la wapi lilikuwa limekwisha kujibiwa na mvutano wa dunia kabla Scott hajashika penseli. Upepo wa mbele ulikuwa bahati iliyoangukia mahali palepale.

Bahati hiyo ilimlipa. Wasimamizi wa mashindano Uingereza walikuwa wameipa injini yake adhabu ya hesabu, wakizidisha ujazo wake kwa 1.32 kwa hoja kwamba kuwaka kila mzunguko ni faida isiyo ya haki. Tangazo la bure, ukilitazama vizuri, na Scott hakulidharau. Adhabu ilipoondolewa, Frank Applebee akashinda Senior TT ya mwaka 1912 katika kisiwa cha Man akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho, ushindi wa kwanza wa injini ya mapigo mawili katika mbio hizo. Mwaka uliofuata Tim Wood akarudia kwa tofauti ya sekunde 5. Scott aliiacha kampuni baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1923 akafa kwa nimonia, baada ya kurudi na nguo mbichi kutoka katika mapango aliyopenda kuyachunguza. Pikipiki zenye jina lake ziliendelea kutengenezwa kwa miongo, rejeta ikiwa palepale.

Wenzake hawakumfuata, na hawakuwa wajinga. Mapezi hayavuji, hayagandi wakati wa baridi, hayana mpira wa kupasuka. Waliorudi kwenye maji walikuwa watu wa mbio, nao walirudi kwa kulazimika. Mwaka 1935 kampuni ya AJS ya Uingereza ilionyesha pikipiki ya silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V, zikiwa na mapezi. Mbili za mbele zilipata upepo. Mbili za nyuma zilipata hewa iliyokwisha kupashwa na zile za mbele. Ilipofungwa supachaja mambo yakawa mabaya zaidi, na kufikia 1939 injini hiyo ilikuwa imevishwa maji. Mwezi Agosti mwaka huo, katika Ulster Grand Prix, Walter Rusk aliizungusha kwa wastani wa maili 100 kwa saa, yaani kilomita 161, wa kwanza kufikia kasi hiyo katika njia ile, kabla ya foki kuharibika na kumtoa mbioni. Mshindi, Dorino Serafini wa Italia, naye aliendesha Gilera ya silinda nne yenye maji na supachaja. Kabla ya majuma mawili kupita, Ulaya ilikuwa vitani. Baada ya vita supachaja ikapigwa marufuku katika mbio, joto likapungua, na maji yakaondoka pamoja nalo.

Kisa cha AJS kinaonyesha jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Maji hayapozi injini. Maji hubeba. Anayepoza ni upepo, katika pikipiki ya mapezi na katika pikipiki ya rejeta sawasawa. Silinda yenye mapezi imefungiwa rejeta yake mwilini na haiwezi kuihamisha. Ikikaa nyuma ya mwenzake, itavuta pumzi zilizotumika. Faida ya maji ni kwamba yanaruhusu joto lizaliwe mahali pamoja na litupwe mahali pengine. Lakini ruhusa hiyo haikuwa kamili mpaka ilipokuja pampu.

Velocette LE iliingia katikati ya zama hizo mbili. Ilizinduliwa London mwaka 1948, cc 149, silinda mbili zilizolala kushoto na kulia, rejeta mbele ya injini kwa kanuni ileile ya Scott, bila pampu. Maji hayakutiwa kwa ajili ya kasi, ambayo haikuwapo. Yalitiwa kwa ajili ya ukimya, kwa kuwa ukuta wa maji humeza mlio wa injini ambao mapezi huupiga mbiu. Wateja wa kawaida hawakuichangamkia ilivyotarajiwa, lakini polisi wa Uingereza waliipenda: askari wa doria aliweza kupita usiku bila kuwaamsha raia wala kumshtua mwizi. Walipewa hata ruhusa ya kumsalimu afisa mkubwa kwa kutikisa kichwa badala ya kuondoa mkono kwenye usukani, na pikipiki ikapata jina la utani kutokana na kutikisa huko.

Mwishoni mwa 1957 kulifanyika uamuzi ambao hautajwi sana katika habari za rejeta, ingawa ulizigusa zote zilizofuata. Pikipiki za mbio za miaka ile zilikuwa zimevaa maganda yaliyofunika hadi gurudumu la mbele. Moto Guzzi ya silinda nane ya Giulio Cesare Carcano, injini ya maji ya cc 499, ilikimbia ndani ya ganda kama hilo. Upepo wa ubavuni ulizisukuma vibaya, na shirikisho la kimataifa likaamuru gurudumu la mbele liachwe wazi. Tangu hapo rejeta ya mbele imelazimika kuishi nyuma ya kitu kinachozunguka, kinachopinda na kurusha matope. Wabunifu hulilalamikia gurudumu hilo hadi leo.

Pampu iliingia barabarani kwa kishindo kupitia Suzuki GT750, iliyoonyeshwa Tokyo mwaka 1970 na kuuzwa kuanzia mwaka uliofuata. Silinda tatu sambamba, mapigo mawili, cc 738. Silinda ya katikati ndiyo iliyoleta maji: imebanwa na ndugu zake pande zote, na upepo unaoifikia ni mchache. Kawasaki, washindani wao, waliunda injini ya silinda tatu ya ukubwa unaokaribiana, wakaiachia mapezi na ikawa na sifa ya ukali. Suzuki wenyewe walizifunika injini zao ndogo za silinda tatu kwa kava la bati lililoelekeza upepo juu ya hedi, nusu ya safari kati ya mapezi na rejeta. Kwa GT750 walikwenda hadi mwisho. Wamarekani waliiita Nyati wa Maji, Waingereza wakaiita Birika. Matoleo ya awali yalikuwa na feni ya umeme nyuma ya rejeta. Ilionekana kwamba feni ile inawaka mara chache mno, ikaondolewa.

Hapa kuna kinaya. Kwa mara ya kwanza pikipiki ya watu wengi ilikuwa na pampu inayoweza kupeleka maji popote, kofia ya rejeta inayoyabana yasichemke kwenye nyuzi 100, na themostati ya kuyazuia mpaka injini ipate moto wa kufanyia kazi. Mvutano wa dunia ulikuwa umevuliwa madaraka. Na Suzuki wakaiweka rejeta palepale pa Scott. Honda wakafanya hivyohivyo na Gold Wing ya mwaka 1974, na Yamaha vilevile na TZ zao za mbio zilizoanza na maji mwaka 1973. Kila mtu alikuwa huru, na kila mtu akaenda mahali pamoja.

Sababu ni hesabu ya upepo. Msukumo wa hewa kwenye uso wa rejeta hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezeka mara 5, msukumo unaongezeka mara 25. Kwenye kilomita 20 kwa saa ni paskali 18 hivi. Kwenye kilomita 100 unapita 460. Mbele ndiko unakopata msukumo huo bila kuulipia. Ila watu wengi huishia hapo, wakadhani kazi imekwisha hewa ikishaingia. Hewa haiingii mahali isipotoka. Rejeta ya mbele inatazamana na ukuta wa injini. Hewa iliyopita ndani yake inagonga silinda, inageuka, inatafuta upenyo pembeni, na mara nyingi upenyo wenyewe ni mapaja ya mwendeshaji. Ikikosa upenyo, inasimama, na ile inayokuja nyuma yake inaikwepa rejeta na kuzunguka nje. Na ikiingia kwenye kichujio cha hewa ni hasara nyingine, kwani kila nyuzi 10 za joto zinaondoa kama asilimia 3 ya uzito wa hewa ambayo injini inaivuta.

Watu wa ndege walikuwa wamelifumbua fumbo hili kabla ya Vita Kuu ya Pili. Katikati ya miaka ya 1930, mtafiti F. W. Meredith wa taasisi ya serikali ya Uingereza huko Farnborough alionyesha kwamba rejeta ikiwekwa ndani ya njia inayopanuka kabla yake na kubana baada yake, hewa itapunguza mwendo, itakaa na rejeta muda wa kutosha, itapokea joto na kutoka kwa nguvu. Hasara ya kuikokota rejeta inapungua sana. Ndege ya Mustang ilibeba rejeta yake tumboni, nyuma ya rubani, kwa kanuni hiyo. Pikipiki haina tumbo refu kiasi hicho, lakini wapo waliojaribu, nitafika kwao.

Wa kwanza kuhama walikuwa watu wa motokrosi. Katika mchanga na matope, rejeta iliyo nyuma ya gurudumu la mbele hupigwa plasta la udongo kabla ya kona ya tatu. Yamaha wakaipandisha juu kabisa: katika YZ125 ya mwaka 1981 rejeta ilikaa mbele ya usukani, nyuma ya kibao cha namba, na maji yakapita katika shingo ya usukani kwenda kwenye fremu. Upepo ulikuwa safi, matope hayakuifikia. Lakini sasa mwendeshaji alikuwa anageuza rejeta na maji yake kila alipokata kona, na uzito ule ulikuwa juu ambako unasikika zaidi. Haukupita muda mrefu rejeta ikateremka, ikagawanywa mara mbili na kupachikwa ubavuni mwa fremu, chini ya tangi, kila moja na kibawa cha plastiki cha kuiletea upepo. Ndivyo pikipiki za motokrosi zilivyo mpaka leo. Ni mojawapo ya mabishano machache katika habari hii yaliyokwisha.

Barabarani hayakwisha, na aliyeyawasha upya ni Ducati. Mhandisi Massimo Bordi aliwapa injini ya maji yenye silinda mbili zilizoachana nyuzi 90, ikazaa 851 na baadaye 916, na mataji ya dunia ya Superbike yakaanza kwenda Bologna karibu kila mwaka wa miaka ya 1990. Wajapani wakaamua kuunda za kwao. Injini hiyo ina ugonjwa mmoja: silinda ya mbele inanyoosha miguu kuelekea gurudumu la mbele. Ukiweka rejeta kati yao, ama gurudumu lisogee mbele na pikipiki irefuke na kuwa nzito kukata kona, ama injini isogee nyuma na kila kilicho nyuma yake kibanwe.

Mwaka 1997 Suzuki na Honda walileta majibu mawili yanayopingana. Suzuki, na TL1000S yao, waliacha rejeta mbele. Injini ikarudi nyuma, na nafasi ya shokapu ya kawaida ikatoweka. Wakatenganisha springi na kidhibiti chake: springi upande mmoja, na kidhibiti kikawa kisanduku kidogo cha kuzunguka chenye pangaboi ndani ya mafuta, kilichobanwa karibu na silinda ya nyuma. Mafuta yalikuwa machache, mahali palikuwa pa moto. Yalipopata joto yalilainika, na pikipiki yenye nguvu nyingi ikaanza kutikisika pale mwendeshaji alipohitaji utulivu. Waandishi wa magazeti ya pikipiki hawakuisamehe, na nchini Uingereza ziliitwa zirudi zikafungwe kidhibiti cha usukani. Mimi huitazama TL kama somo la rejeta ingawa yenyewe haikuwa na kosa: joto lililotunziwa heshima mbele lilidai nafasi yake nyuma.

Honda walifanya kinyume. Katika VTR1000F walizigawa rejeta mbili na kuzipachika ubavuni, kushoto na kulia, ndani ya mbavu za ganda. Mbele ya silinda ya kwanza pakawa patupu, gurudumu likakaribia, na shokapu ya nyuma ikakaa mahali pake. Bei yake ni kwamba upepo wa mbele hauzigongi rejeta uso kwa uso. Zinategemea kuvuta: hewa inayokimbia kandokando ya ganda huwa na msukumo mdogo, na ile iliyo ndani hutolewa nje kuufuata utupu huo. Ubavu unavimba, pikipiki ikianguka rejeta ya upande huo iko mstari wa mbele, na mwendo ukiwa mdogo hakuna kinachovuta ila feni. Wengi walisema mpango huo ni wa barabarani tu. Honda wakauhamishia kwenye VTR1000SP, na Colin Edwards akachukua nayo ubingwa wa Superbike mwaka 2000 na tena 2002. Gold Wing mpya ya mwaka 2001 nayo ikapewa rejeta za ubavuni, kwa sababu nyingine kabisa: mzee anayesafiri na mkewe kilomita 800 kwa siku hataki kupulizwa hewa ya moto mapajani.

Kabla ya wote hao, mtu mmoja Christchurch, New Zealand, alikuwa ameichukua rejeta na kuipeleka karibu na mahali pa Hildebrand. John Britten hakuwa na kiwanda. Alikuwa na karakana, marafiki na ukaidi. V1000 yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, cc 999, silinda mbili zilizoachana nyuzi 60, haikuwa na fremu ya kawaida kwani injini yenyewe ilibeba kila kitu. Rejeta ilikaa chini ya kiti. Hewa iliingia puani mwa pikipiki, ikapitishwa katika njia za kaboni, ikapita kwenye rejeta na kutokea nyuma. Hapo kanuni ya Meredith ilipata nyumba: njia ya kupunguzia mwendo wa hewa, na mkia wenye utupu wa kuivuta. Uso wa pikipiki ukawa mwembamba sana. Daytona mwaka 1992, Andrew Stroud aliwatesa Ducati wa kiwanda mbele ya umati mpaka hitilafu ya umeme ilipomzima mizunguko michache kabla ya mwisho. Umeme, si joto. Pikipiki 10 tu ziliundwa, na Britten alikufa mwaka 1995 akiwa na umri wa miaka 45.

Benelli wa Pesaro, Italia, walithubutu kuuza wazo hilo dukani. Tornado Tre ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, silinda tatu, cc 898, mchoro wa Adrian Morton, ilikuwa na rejeta chini ya kiti na feni mbili zilizochungulia mkiani. Injini ilisogea mbele bila kizuizi. Ni pikipiki nzuri ya kutazama, na feni zile huwafanya watu wasimame maegeshoni kuuliza. Lakini maji sasa yanasafiri kutoka mbele hadi nyuma na kurudi. Kila lita ni kilo moja, na mipira ni mirefu. Njia za hewa zinakula nafasi ambayo pikipiki haina. Na taa zikiwa nyekundu, wakati upepo umekufa, mwendeshaji amekalia jiko na uhai wa injini uko mikononi mwa feni. Britten hakujali, kwa kuwa pikipiki yake haikujua taa nyekundu ni nini. Peter Goddard aliiendesha Tornado katika Superbike bila mafanikio ya kutaja, kampuni ikayumba kifedha, na mwaka 2005 ikanunuliwa na Qianjiang wa China. Rejeta ya chini ya kiti haikupata mrithi wa maana.

Baada ya hapo mahali pa rejeta palianza kuamuliwa na mambo ambayo si ya upepo. BMW, ambao injini yao ya silinda mbili za ubavuni iliishi na mapezi tangu R32 ya mwaka 1923, walipoitia maji mwaka 2012, waliyapeleka sehemu zenye moto mkali tu, karibu na valvu za ekzosi, ili rejeta mbili ndogo zitoshe kujificha kushoto na kulia mwa pikipiki yao ya GS. Harley-Davidson mwaka uliofuata walifanya jambo la karibu na hilo kwa sababu ya macho ya wateja: rejeta zao zilifichwa ndani ya kava za miguuni za pikipiki za safari, ili silinda zenye mapezi zibaki zikionekana kama zamani. Na Honda PCX ya mwaka 2010, skuta ya mjini, ilimaliza mjadala kwa mkato: rejeta imefungwa ubavuni mwa injini yenyewe, na feni imeshikwa na kranki. Inapulizwa muda wote injini inapozunguka, mipira ni mifupi kama kidole, upepo wa mbele hauhitajiki. Kwa foleni za Bangkok au Jakarta hakuna mahali bora.

Bodaboda zetu, Boxer na TVS za cc 100 hadi 150, hazimo katika ugomvi huu. Mapezi yanatosha kwa joto la injini ndogo, na dereva wa Mbagala au Kawempe hana haja ya kununua kulanti. Fundi wake naye hana mpira wa kubadilisha.

Ducati, walioanzisha tabu ya silinda ya mbele, waliishi nayo kwa miaka 30, wakizikunja rejeta, wakizigawa, wakizipandisha juu na chini ya silinda hiyo. Mwaka 2018 walipouza Panigale V4, cc 1,103, injini yenye nasaba ya mashine yao ya MotoGP, waligeuza suala zima. Pembe kati ya silinda ilibaki nyuzi 90, lakini injini nzima ilizungushwa nyuma kwa nyuzi 42. Walieleza sababu tatu, na mojawapo ni kwamba mbele pamepatikana nafasi ya rejeta kubwa zaidi.